Diski Nzima Inayorudishwa kwa Jina la Mbovu: Kuitambulisha SSD kwa Kompyuta ya Zamani

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta na wenye steshenari, Mwanga, Kigoma



1. Utangulizi

Kompyuta nyingi zinazotulisha hapa Mwanga ni za mtumba. Ni HP Compaq, Dell OptiPlex na wenzake, mashine zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya kabla ya kufika Dar es Salaam na kupandishwa huku. Juu ya mashine hizo mwanafunzi anajaza maombi ya mkopo wa HESLB, kijana anatafuta kazi kwenye Ajira Portal, na mzazi anachapisha matokeo ya NECTA. Mashine ikichelewa kuwaka, mteja anavuka barabara kwenda duka la pili.

Dawa iliyozoeleka sasa ni kutoa hadi diski na kuweka SSD. Wenyeji wa Ziwa Tanganyika hawahitaji kuhubiriwa kwamba chombo cha zamani kinaweza kupewa nguvu mpya: meli ya Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, iliondolewa injini za mvuke ikawekewa za dizeli miaka ya 1970, na bodi ikabaki ile ile. Shida huanza pale SSD inapofungwa na mashine ikakaa kimya. Fundi anasema diski haisomi, mteja anaambiwa kapewa mbovu, na mzigo unarudishwa Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Hoja yangu ni kwamba kabla ya kuilaumu diski, fundi ajue ni ngazi ipi haijaitambua. Ngazi ni tatu: madabodi, BIOS na Windows. Kila moja ina dalili zake na tiba yake, na tiba ya ngazi moja haifai kitu kwa nyingine.

2. Tunachobadilisha hasa

Hadi diski ya kompyuta ya mezani kwa kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Kila faili linapotakiwa, kichwa cha kusomea husogea, kisha husubiri sahani ifike mahali pake. Kwa wastani shughuli hiyo hula kama milisekunde 12. SSD haina sahani wala kichwa, nayo hujibu kwa kama milisekunde 0.1. Windows inapowaka hufungua maelfu ya mafaili madogo, na hapo ndipo tofauti inapoonekana kwa macho.

Tusimwahidi mteja zaidi ya hayo. SSD haiongezi RAM, haiharakishi intaneti, wala haizuii madhara ya umeme kukatika. Ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, nayo inaweza kuharibu mafaili. Mwenye steshenari bado anahitaji UPS.

3. Ngazi ya kwanza: madabodi

Ingia kwenye BIOS kabla ya kufanya jambo lolote. Kama jina la SSD halimo kwenye orodha, kupiga Windows upya ni kupoteza muda, kwa sababu tatizo liko chini ya Windows.

Anza na waya. Kebo ya SATA iliyokaa kwenye mashine miaka kumi na tano hulegea, hivyo jaribu nyingine. Hamisha diski kwenye tundu jingine, na uangalie kama tundu hilo halijazimwa ndani ya BIOS.

Kisha angalia kizazi. SATA ya kwanza ilitoka mwaka 2003, ikiwa na kasi ya gigabiti 1.5 kwa sekunde. Ya pili ikafika 3, na ya tatu, ya mwaka 2009, ikafika 6. SSD ya leo ni ya kizazi cha tatu, lakini imeundwa ikubali kushuka hadi kasi ya tundu la zamani. Hata kwenye tundu la kwanza kabisa bado itaipita hadi diski kwa mbali katika mafaili madogo. Zipo madabodi chache zisizoelewana nayo: chipseti ya VIA VT8237R, kwa mfano, inajulikana kwa kushindwa kupatana kasi na diski za vizazi vya baadaye. Hadi diski nyingi zilikuwa na jampa ya kuzilazimisha zishuke, ila SSD kwa kawaida hazina. Ukikutana na madabodi hiyo, mwambie mteja ukweli mapema.

Kosa linaloongezeka ni la SSD nyembamba za M.2. Kwa umbo zinafanana, lakini nyingine zinazungumza SATA na nyingine NVMe, mfumo uliotangazwa mwaka 2011. Adapta ya kubadilisha M.2 kuwa SATA hupokea zile za SATA tu. Ukiichomeka ya NVMe humo, haitaonekana kamwe, hata iwe nzima kiasi gani. Adapta ya PCIe ndiyo huipokea ya NVMe, lakini BIOS za zamani hazijui kuwasha mashine kutoka humo. Itatunza data vizuri, ila Windows haitawaka kutoka kwake. Soma lebo ya diski kabla ya kulipia, usihukumu kwa pengo la pini peke yake. Kwa mashine zetu, SSD ya inchi 2.5 ya SATA ndiyo salama zaidi.

4. Ngazi ya pili: BIOS

BIOS imeiona, jina linasomeka, lakini Windows inaanza kuwaka kisha inaangukia kwenye kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B. Namba hiyo inamaanisha Windows imeshindwa kuifikia diski inayotakiwa kuwaka nayo. Katika kazi hii ya kubadilisha diski, mtuhumiwa wa kwanza ni hali ya SATA.

BIOS nyingi zina chaguo la IDE na AHCI. IDE huifanya diski ijifanye ya zama za kebo pana ya pini 40. AHCI, iliyotoka mwaka 2004, huruhusu diski kupokea hadi amri 32 kwa foleni na kujipangia mwenyewe ipi ianze. Windows iliyopigwa kwenye IDE haiandai draiva ya AHCI iwake mapema. Ukibadilisha tu ndani ya BIOS, inakwama.

Tiba haihitaji kupiga Windows upya. Kwenye Windows 7, kabla ya kugusa BIOS, fungua regedit, nenda HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\msahci, na uweke thamani ya Start iwe 0. Kwenye Windows 10, andika bcdedit /set safeboot minimal, zima, badilisha BIOS iwe AHCI, iache iwake mara moja katika hali salama, kisha andika bcdedit /deletevalue safeboot na uwashe tena.

Lakini si kila mashine ina AHCI. Madabodi za G31 na G41 zenye chipu ya ICH7 ya kawaida, ambazo tunakutana nazo sana, hazina kabisa. Usihangaike kuitafuta wala kubadilisha BIOS kwa faili usilolijua. Acha IDE: Windows 7 kwa draiva zake za kawaida bado inaweza kupeleka amri ya TRIM, ambayo nitaieleza.

Kuna mwizi mwingine anayejificha hapa: betri ya CR2032 ya volti 3. Ikifa, kila umeme unapokatika BIOS husahau mpangilio wake na kurudi ulivyotoka kiwandani, mara nyingi IDE. Jana mashine iliwaka, leo kioo cha bluu, na mteja anaapa SSD imekufa. Angalia saa ya mashine. Ikionyesha mwaka wa zamani, umempata mhalifu. Mwenye steshenari huona dalili hiyo kabla ya fundi, kwa sababu tovuti nyingi hukataa kufunguka tarehe ikiwa si sahihi.

5. Ngazi ya tatu: Windows

Malalamiko ya kawaida kabisa ni SSD mpya kuonekana kwenye BIOS lakini kutoonekana ukifungua kompyuta. Diski hiyo haijawahi kuandaliwa, kwa hiyo haina herufi. Fungua Disk Management, iandae, kisha iforomati. Kwa mashine yenye BIOS ya zamani isiyo na UEFI, chagua MBR kama ndiyo itakayowasha Windows, kwani Windows haiwaki kutoka GPT bila UEFI.

Inayofuata ni mahali patisheni inapoanzia. Windows XP ilianzia sekta ya 63. SSD hupanga data kwa kurasa kubwa kuliko sekta, na patisheni iliyoanzia hapo hukaa upogo, hivyo uandishi mmoja hugusa kurasa mbili. Kuanzia Vista, patisheni huanzia megabaiti ya kwanza. Ukikloni diski ya zamani ya XP, unaweza kukloni na upogo wake. Fungua msinfo32 uangalie patisheni inaanzia baiti gani: 1,048,576 ni sawa, 32,256 si sawa.

TRIM ni taarifa ambayo Windows huipa SSD kwamba faili fulani limefutwa na nafasi yake iko huru. Bila hiyo, SSD hubeba takataka ikidhani ni data, na baada ya muda uandishi hupungua kasi. XP na Vista hazina TRIM. Windows 7 ya mwaka 2009 inayo. Andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, imewashwa.

Mwisho, Windows ijue kwamba hii si diski ya kuzunguka. Mfumo huiuliza diski inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ya kawaida hujibu 5,400 au 7,200; SSD hujibu 1, namba iliyokubaliwa kumaanisha haizunguki. Windows 10 ikikosea, dirisha la kuboresha diski huiita Hard disk drive, na inaweza kuipangia kazi ya kukusanya mafaili isiyoihitaji. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika winsat formal, subiri imalize, kisha angalia tena.

6. Pale ambapo SSD haitoshi

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai UEFI na TPM 2.0, vitu ambavyo nyingi za mashine hizi hazina. Kwa steshenari inayotegemea zaidi tovuti na uchapaji, Linux inafaa kujaribiwa, na TRIM yake hufanywa kwa amri ya fstrim. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 1 iongezewe RAM kwanza.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila SSD inayofungwa kwenye mashine ya zamani ifungwe pamoja na betri mpya ya CR2032.

Pili, fundi abandike karatasi ndani ya kasha ikisema IDE au AHCI, ili fundi atakayekuja asibahatishe.

Tatu, kila fundi awe na flashi ya Linux inayowaka bila kupigwa. Linux ikiiona SSD na Windows isiione, shida iko ngazi ya tatu na diski ni nzima.

Nne, hadi diski iliyotolewa arudishiwe mwenyewe au ifutwe mbele yake. Imejaa vyeti na vitambulisho vya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu hata sisi wa vibanda.

8. Maswali ya majadiliano

(a) SSD ikirudishwa Dar bila kupitishwa ngazi tatu, nauli ya mzigo alipe nani: mteja au fundi?

(b) Je, mafundi wa Mwanga na Ujiji tunaweza kuweka daftari moja la pamoja la madabodi zilizokubali na zilizokataa SSD?

(c) Mteja ambaye mashine yake haipati tena masasisho ya usalama, tumwambie nini kabla hajalipia SSD?