Kauli ya Tawi: Tumpime Meya kwa Yaliyo Mikononi Mwake



Tumewasikiliza wote wawili wanaoomba umeya wa manispaa yetu hapa Dar es Salaam.

Wa kwanza anaahidi maji na umeme kila nyumba. Ahadi tamu, lakini maji ni ya DAWASA na umeme ni wa TANESCO. Huko meya hana rungu, atabaki kuomba.

Wa pili anaahidi gari la taka kila wiki na vyoo safi sokoni. Hayo ni ya halmashauri yenyewe. Ila hajasema fedha zitatoka fungu gani.

Meya huchaguliwa na madiwani, si sisi. Basi tumbane diwani wetu awaulize wote wawili kabla ya kupiga kura. Taka zikirundikana, kipindupindu kitaanzia kwetu.