Maradhi ya Kushindwa Kuzuia Haja Kubwa na Wajibu wa Chama cha Ushirika

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mkoa wa Singida)



Katika daftari la mahudhurio la chama yako majina ambayo hupotea polepole. Mwanachama aliyekuwa akikaa mstari wa mbele huanza kukaa nyuma. Baadaye hukaa karibu na mlango. Mwisho haji kabisa. Alizeti yake huletwa ghalani na mtoto au jirani. Akiulizwa, husema ana shughuli shambani. Katibu huandika kuwa hakuhudhuria, na mkutano huendelea. Sababu za kutohudhuria ni nyingi, lakini iko moja ambayo haitajwi, nayo ndiyo shabaha ya mazungumzo haya: maradhi ya kushindwa kuzuia haja kubwa.

Jambo hili ni zito kulitamka hadharani, hasa mahali ambapo mtu hukaa pamoja na wakwe zake na wanawe. Hata hivyo, wananchi wa Tanzania wamekwisha kuivuka aibu ya namna hii. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na vyoo vingi vikachimbwa vijijini. Habari za choo zilizungumzwa na wazee kwa vijana, wake kwa waume, na hakuna aliyevunjiwa heshima yake kwa sababu hiyo. Ikiwa iliwezekana kuzungumza juu ya shimo la choo, basi inawezekana pia kuzungumza juu ya mtu ambaye hawezi kulifikia kwa wakati.

Kwanza ieleweke kwamba maradhi haya si ya watu wachache. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa katika kila watu wazima 100, takriban 8 hupatwa na tatizo hili kwa kiasi fulani. Hesabu hiyo ikiwekwa juu ya chama chenye wanachama 300, ni watu 24. Na hata kama katika chama fulani idadi hiyo ni nusu tu, bado ni watu 12, wenye mashamba, wenye hisa, na wenye haki ya kupiga kura. Hakuna chama kinachoweza kusema kwamba jambo hili halikihusu.

MAUMBILE YA MWILI NA CHANZO CHA MARADHI

Mfano wa ghala la mazao utasaidia kueleza jinsi mwili unavyofanya kazi. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, iitwayo puru, ni kama ghala ambamo mabaki ya chakula hungoja kutolewa. Ghala hilo lina mlango, nao ni misuli miwili ya mviringo: wa ndani hujifunga wenyewe bila kuamriwa, na wa nje hutii amri ya mwenye mwili. Lina mlinzi, naye ni mishipa ya fahamu, ambayo hutoa taarifa kwamba mzigo umefika, na hutambua kama ni upepo, maji au choo kigumu. Ndani yake kuna shehena, yaani choo chenyewe. Na ghala lina kuta. Kimojawapo kati ya hivi vinne kikiharibika, mtu hushindwa kujizuia.

Mlango huharibika zaidi wakati wa kujifungua. Mtoto apitapo, msamba wa mama huweza kuchanika, na mara nyingine mchaniko hufika hadi kwenye misuli ya njia ya haja kubwa. Mkunga au daktari mwenye ujuzi akiuona na kuushona ipasavyo mapema, akina mama wengi hupona vizuri. Usipoonekana, madhara huweza kuanza mara moja, au yakajificha miaka mingi na kutokea mama anapofikia utu uzima, misuli inapopungua nguvu. Hivyo mama wa miaka 55 huweza kuteseka leo kwa jeraha alilolipata akiwa na miaka 20, naye asijue kabisa kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Wanaume nao hawakusalimika: upasuaji wa bawasiri au wa majipu ya sehemu hiyo, na ajali, huweza kuijeruhi misuli hiyo hiyo.

Mlinzi hudhoofika kwa ugonjwa wa kisukari uliodumu muda mrefu, kwa kiharusi, au kwa kuumia uti wa mgongo, kama vile kwa kuanguka kutoka juu ya mti au kwa ajali ya pikipiki. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi nao huwa na shida hii tangu utotoni.

Shehena huleta tatizo kwa njia mbili. Ya kwanza yajulikana na wote: kuhara, kwani choo cha majimaji huushinda hata mlango ulio mzima. Ya pili huwadanganya wengi. Mzee aliyefunga choo kwa siku nyingi huwa na choo kigumu kilichoziba puru; choo cha majimaji kutoka juu hupenya pembeni na kuvuja bila yeye kujua. Watu wa nyumbani hudhani anahara, wakampa dawa ya kuzuia kuhara, na maradhi yakazidi. Kwa hiyo mzee wa namna hii apimwe kwanza na mganga kabla ya kupewa dawa yoyote.

Ukuta wa ghala hutoboka katika ugonjwa wa fistula ya uzazi. Uchungu ukidumu siku nzima au zaidi bila msaada, kichwa cha mtoto huibana nyama laini kwenye mifupa ya nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, na tundu hubaki. Mara nyingi ni mkojo unaovuja, na mara nyingine ni haja kubwa, au vyote viwili. Mara nyingi mtoto huwa amepotea, na mama hubaki na msiba mara mbili. Ugonjwa huu si laana, wala si malipo ya uzinzi. Ni matokeo ya kuchelewa kupata huduma ya uzazi.

Na tundu hilo huzibika kwa upasuaji. Madaktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifika Ethiopia mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua mjini Addis Ababa hospitali ya kutibu fistula tu, ambako maelfu na maelfu ya wanawake wametibiwa. Hapa Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imejulikana kwa kutibu fistula bila malipo, na Hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ilipoonekana kwamba wagonjwa wengi walikwamishwa na nauli, CCBRT ilianza mwaka 2009 kuwatumia fedha za safari kwa simu ya mkononi. Funzo lake kwa wanaushirika ni wazi: matibabu yaweza kuwa bure, na bado mgonjwa akabaki kijijini kwa kukosa nauli ya basi.

NAMNA YA KUISHI NA MARADHI HAYA

Hatua ya kwanza ni kufika zahanati na kusema kwa maneno ya wazi, kwa kuwa mganga hawezi kutibu jambo alilofichwa. Ikibidi, mgonjwa atapelekwa kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali. Mkoani Singida, mbali na hospitali za Serikali, zipo hospitali za siku nyingi kama Makiungu na ile ya Mtakatifu Gaspar ya Itigi. Asiende peke yake akiona haya. Afuatane na ndugu anayemwamini.

Ziko dalili zisizongoja: damu katika choo, kukonda bila sababu, mabadiliko ya choo yanayodumu majuma kadhaa, na zaidi ya yote, miguu kulegea ghafla pamoja na ganzi katikati ya mapaja. Mwenye dalili hiyo ya mwisho afikishwe hospitali siku ile ile.

Kwa wengi, maradhi hupungua sana kwa utaratibu mwema wa kila siku. Mgonjwa aandike kwa majuma mawili alichokula na nyakati alizopatwa. Ataona mwenyewe ni kitu gani kinachomsumbua. Wengine husumbuliwa na pilipili, wengine na pombe, kahawa au maziwa. Ugali wa uwele au mtama usiokobolewa, pamoja na mboga za majani, husaidia choo kupata umbo. Ila viongezwe kidogo kidogo, na anayejaa upepo kwa dengu au kunde apunguze. Asijinyime chakula wala maji ili asafiri au ahudhurie mkutano, maana kujinyima kunamdhoofisha, na kukosa maji hufunga choo.

Afanye mazoea ya kwenda chooni kwa saa maalumu, hasa karibu nusu saa baada ya kifungua kinywa, kwani tumbo likipokea chakula utumbo huamka. Asiharakishe wala asijikamue kwa nguvu.

Lipo pia zoezi la kuimarisha misuli, lisilohitaji fedha wala chombo. Mtu hukaza njia ya haja kubwa kama anayezuia upepo mbele za watu, akahesabu hadi tano, kisha akalegeza. Arudie mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Huweza kufanywa mtu akiwa ameketi akichambua vitunguu, na hakuna atakayejua. Matokeo yake huonekana baada ya majuma kadhaa, mara nyingine miezi, wala si siku mbili. Kwa hiyo subira inatakiwa.

Ngozi itunzwe kwa kuosha na maji safi, kukausha taratibu bila kusugua, na kupaka mafuta ya mgando. Vitambaa vya pamba vinavyotumiwa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa. Kuvificha uvunguni mwa kitanda vikiwa vibichi ni kukaribisha vidonda. Mtu asikubali kuingiziwa dawa kali au vitu vyovyote njia ya nyuma na wasio na ujuzi.

Kuhusu ibada, wapo walioacha kwenda msikitini kwa kudhani kwamba sala yao haifai. Sheria ya dini ya Kiislamu humtambua mwenye udhuru wa kudumu na kumwekea njia ya kutawadha na kusali. Aende kwa sheikh wake amweleze. Na mchungaji au padre mwenye busara hatamfukuza muumini kwa ugonjwa.

WAJIBU WA CHAMA

Mwaka 1995 vyama vya ushirika ulimwenguni vilipitisha kanuni saba za ushirika, na ya saba ni kuijali jamii. Kwa maradhi haya, kanuni hiyo hutimizwa kwa mambo manne ambayo chama cha msingi kinaweza kuyafanya hata kikiwa na fedha kidogo.

La kwanza ni choo. Katika vituo vingi vya kupokelea mazao, watu hungoja mizani kutwa nzima. Kituo kisicho na choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, maji na sabuni, kinamfukuza mgonjwa kabla hajafungua gunia. Choo kiwe karibu, na kwa ajili ya wazee kiwekwe mti au bomba la kushikilia.

La pili ni utaratibu wa mkutano. Mwenyekiti atangaze tangu mwanzo kwamba kila mtu yu huru kutoka na kurudi bila kuomba ruhusa, wala pasiwepo utani juu ya anayetoka. Mikutano ya saa tano mfululizo, bila mapumziko, si sifa ya uongozi.

La tatu ni nauli. Mkutano mkuu ukiridhia, chama kinaweza kuweka fungu dogo la mkopo wa safari ya hospitali, utakaolipwa kwa mazao wakati wa mavuno. Kitabu cha mkopo huo kiandike "safari ya matibabu" basi. Jina la ugonjwa halihitajiki, na katibu anayelitoa nje amevunja amana.

La nne ni akina mama waja wazito. Mvua zinaponyesha, kati ya Novemba na Aprili, mito ya mchanga hujaa na njia hukatika. Chama chenye gari au trekta, au wanachama wenye mikokoteni ya ng'ombe, wapange mapema nani atamchukua mama ambaye uchungu umemshika, wala mama aliye mbali asingoje siku hiyo bali asogee karibu na kituo cha afya kabla ya wakati. Kumfikisha mama mapema ndiyo kinga iliyo kubwa kuliko zote zilizotajwa katika mazungumzo haya.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu hufichua maradhi pale tu anapojua kwamba hatachekwa. Kwa hiyo katibu akutanapo na jina lililopotea daftarini, asiandike barua ya onyo kwanza. Amtembelee mwenyewe, au kama mwanachama ni mwanamke amtume mjumbe mwanamke mwenye kifua. Waamkiane, waulizane habari za shamba, kisha mgeni aseme kwamba chama kimefundishwa habari za maradhi ya tumbo na ya uzazi, na kwamba mwenye shida ya namna hiyo yuko atakayefuatana naye zahanati. Asiulize zaidi, akaage. Huenda jibu lisipatikane siku hiyo. Mlango utakuwa umeachwa wazi.