Somo la Saba: Historia ya Kundi la Helloween

Natumaini kikundi chenu kimekwisha kukaa, na katibu wenu ana kalamu na daftari tayari. Katika masomo yaliyopita tulizungumza habari za watu wafanyao kazi kwa ushirika, kama vile wavuvi wa chombo kimoja na mafundi wa karakana moja. Leo tutautazama ushirika wa namna nyingine, yaani kundi la wapiga muziki. Kundi lenyewe ni la Ujerumani, katika mji wa bandari wa Hamburg, na jina lake ni Helloween.

Nimelichagua kwa sababu moja. Kundi hili liligawanyika vibaya, watu wake wakakaa mbalimbali zaidi ya miaka ishirini, kisha wakapatana. Namna walivyopatana ndiyo ninayotaka uifikirie leo.

Muziki wao

Muziki wao huitwa pawa metali. Huu ni mtoto wa hevi metali, muziki uliozaliwa Uingereza karibu na mwaka 1970, wenye magita ya umeme yanayokwaruza na ngoma nzito. Pawa metali ina alama tatu. Kwanza ni mwendo wa kasi: mpiga ngoma hutumia miguu yote miwili kuipiga ngoma kubwa ya chini. Pili ni mwimbaji, ambaye huimba kwa sauti ya juu sana, lakini safi. Tatu ni kiitikio chenye tuni iliyo wazi, hata umati mzima waweza kuitikia. Maneno ya nyimbo mara nyingi ni hadithi za vita kati ya nuru na giza. Helloween huhesabiwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wa muziki huo.

Mwanzo wa kundi

Kundi lilianza mwaka 1984, wakati Hamburg ilipokuwa katika Ujerumani ya Magharibi. Vijana walikuwa wanne: Kai Hansen aliyeimba na kupiga gita, Michael Weikath wa gita la pili, Markus Grosskopf wa gita la besi, na Ingo Schwichtenberg wa ngoma. Jina walilitoa katika sikukuu ya Halloween, ambayo ni usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, watu wanapochonga maboga na kuwasha mishumaa ndani yake. Walibadili herufi moja tu, na neno likapata ndani yake maana ya jehanamu kwa Kiingereza. Boga likawa alama yao mpaka leo.

Walitia sahihi mkataba na kampuni ndogo ya santuri ya Ujerumani, Noise Records, na mwaka 1985 ikatoka santuri yao ndefu ya kwanza, Walls of Jericho. Lakini Hansen aliona taabu kuimba na kupiga gita la kasi kwa wakati mmoja. Basi wakatafuta mwimbaji, wakampata kijana wa mji wao wa Hamburg, Michael Kiske, ambaye alikuwa na umri wa miaka 18 tu.

Tazama busara ya Hansen. Alikuwa mbele ya jukwaa, akakubali kumpisha mtu mwingine ili kazi ipate kuwa bora. Na kweli ilikuwa bora. Santuri mbili, Keeper of the Seven Keys sehemu ya kwanza ya mwaka 1987 na sehemu ya pili ya mwaka 1988, zililipeleka jina lao Ulaya, Japani na Marekani. Kila sehemu ina wimbo mmoja mrefu wa dakika zaidi ya 13. Ule wa sehemu ya kwanza ulitungwa na Hansen, na ule wa sehemu ya pili ulitungwa na Weikath. Watungaji wawili katika kundi moja, kila mmoja na njia yake: hapo ndipo palipokuwa na nguvu yao.

Miaka ya taabu

Wahenga walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Mwaka 1989 Hansen, akiwa amechoka na safari na mivutano, aliondoka akaunda kundi lake, Gamma Ray. Nafasi yake ikachukuliwa na Roland Grapow.

Taabu ya pili ilikuwa ya mkataba. Kundi lilitaka kuiacha Noise Records na kwenda EMI, kampuni kubwa zaidi. Noise ikadai haki yake mahakamani. Santuri yao iliyofuata, Pink Bubbles Go Ape ya mwaka 1991, ilicheleweshwa na kesi hiyo katika nchi kadhaa. Fikiri juu ya hasara hiyo: kazi imekwisha kufanywa, wasikilizaji wanaingoja, na santuri haiwezi kuuzwa. Kwa hiyo, kabla hujatia sahihi karatasi yoyote, usome namna ya kuingia, kisha usome namna ya kutoka. Watu wengi husoma ya kwanza tu.

Mwaka 1993 ikatoka Chameleon. Kila mtungaji alivuta upande wake, na wasikilizaji wa zamani hawakuutambua muziki wao. Mauzo yalikuwa mabaya, na EMI ikaachana nao. Mwaka huo huo Kiske aliondolewa katika kundi.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote lilimpata Ingo, mpiga ngoma. Alishikwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, na juu yake alikuwa akitumia pombe na madawa ya kulevya. Hakuweza tena kuimaliza ziara ya mwaka 1993, akatolewa katika kundi. Tarehe 8 Machi 1995 alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Hapa nakuomba utulie kidogo. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, kama ulivyo ugonjwa wa kifua au wa figo. Hauondoki kwa kuonewa haya wala kwa kukemewa. Mgonjwa huhitaji daktari, dawa, na watu wa karibu ambao hawaachi kubisha mlangoni kwake. Pengine kundi lililo safarini haliwezi kumbeba mgonjwa jukwaani. Lakini kumtoa mtu kazini si lazima iwe kumtoa katika jamaa. Kama katika chama chenu yupo mwenzenu aliyebadilika, asiyelala, asemaye peke yake au anayesema kwamba amechoka kuishi, msimngoje aje kwenu. Nendeni kwake leo, mmpeleke hospitali, na msimwache peke yake.

Waliotunza nyumba

Mwaka 1994 kundi lilianza upya. Aliingia mwimbaji Andi Deris, ambaye alitoka katika kundi la Pink Cream 69, na mpiga ngoma Uli Kusch. Deris hakuwa na sauti kama ya Kiske, wala hakujaribu kuwa Kiske. Alikuwa mtungaji hodari, na nyimbo zake zililisimamisha kundi tena. Santuri yao ya kwanza pamoja ilikuwa Master of the Rings. Ile ya mwaka 1996, The Time of the Oath, waliitoa kwa kumbukumbu ya Ingo.

Watu waliendelea kuingia na kutoka. Grapow na Kusch waliondoka mwaka 2001. Baadaye waliingia Sascha Gerstner wa gita na Dani Löble wa ngoma. Wakati wote huo Weikath, Grosskopf na Deris walibaki kazini. Hata hivyo, kila walikokwenda waliulizwa, ‘Je, Kiske na Hansen watarudi lini?’ Jiweke mahali pa Deris: umefanya kazi miaka ishirini, na watu wangali wanauliza habari za aliyekutangulia.

Mapatano

Mapatano yalikuja polepole. Kuanzia mwaka 2007 Gamma Ray na Helloween walifanya ziara pamoja, na mwishoni mwa maonyesho Hansen alipiga pamoja na wenzake wa zamani. Kiske na Weikath ndio waliokuwa mbali zaidi. Kiske amesimulia kwamba siku moja walikutana nyuma ya jukwaa katika tamasha, na Weikath akamwuliza ni kosa gani alilomtendea asiloweza kusamehewa. Kiske akatafakari, akaona kwamba amekwisha kumsamehe zamani. Swali moja, lililoulizwa ana kwa ana, lilifungua mlango uliofungwa miaka mingi.

Mwaka 2016 walitangaza habari, na mwaka 2017 ikaanza ziara iliyoitwa Pumpkins United, yaani Maboga Yaliyoungana. Sasa sikiliza vizuri. Makundi mengi yanapowarudisha watu wa zamani huwafukuza wale waliokuja baadaye. Helloween hawakufanya hivyo. Deris, Gerstner na Löble walibaki, na Hansen na Kiske wakaongezwa. Kundi la watu watano likawa la watu saba. Kiske na Deris waliimba kwa zamu na kwa pamoja, na Hansen akaziimba nyimbo zake za mwanzo. Ingo pia alikumbukwa: picha zake zilionyeshwa jukwaani huku Löble akipiga ngoma, kana kwamba wawili hao wanajibizana.

Mwaka 2021 walitoa santuri iliyoitwa kwa jina la kundi lenyewe. Löble aliipiga kwa ngoma zile zile zilizokuwa za Ingo. Santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Ujerumani, jambo ambalo hawakulipata hata walipokuwa vijana. Mwaka 2025 wakatoa nyingine, Giants & Monsters, wangali saba.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kwamba wagombanao ndio wapatanao. Mimi naongeza neno moja tu: anayerudi nyumbani asifanywe sababu ya kumtoa nje yule aliyeitunza nyumba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Hansen alimpisha Kiske aimbe. Katika chama chenu, ni nani aliyempisha mwenzake, na kazi ilinufaika vipi?
2. Someni tena mkataba au kanuni za chama chenu. Je, zinasema nini juu ya mtu anayetaka kutoka?
3. Mwenzenu akiugua akili, ni nani kati yenu atakayekwenda kwake, na hospitali iliyo karibu iko wapi?
4. Je, yupo mtu ambaye hamjasemezana naye siku nyingi? Mngeweza kumwuliza swali gani?

Katibu aandike majibu katika daftari, nasi tutaanza nayo katika somo lijalo. Kwa heri.