Mifupa Yetu na Maji Tunayokunywa

Ndugu msikilizaji, majuma matatu yaliyopita, katika kipindi hiki hiki, nilizungumzia maradhi ya kuhara nikasema kwamba maji yakichemshwa sawasawa basi ni salama. Leo narudi kujisahihisha. Nimepata barua ya mama mmoja anayeishi chini ya Mlima Meru. Ameandika kwa adabu, lakini imenichoma. "Kaka mtangazaji," anasema, "mimi nachemsha maji kila siku tangu mwanangu azaliwe. Sasa ana miaka minne na miguu yake inapinda. Nimekosea wapi?"

Mama huyu hakukosea. Nimekosea mimi, tena sina udhuru, maana nimekulia upande huo huo na meno yangu yana rangi ya kahawia hadi leo. Bahati yangu redio haionyeshi meno.

Kwanza tuitazame mifupa yenyewe. Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300, vingi vikiwa bado ni gegedu laini. Kadiri anavyokua, vipande huungana na kukomaa, hata mtu mzima akabaki na mifupa 206. Katika hiyo, 106 iko kwenye viganja na nyayo pamoja na vifundo vyake, yaani zaidi ya nusu. Mrefu kuliko yote ni ule wa paja.

Wengi wetu tunaudhani mfupa kuwa kama nguzo ya zege, ukishakauka kazi imekwisha. Sivyo. Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili unabomoa kidogo hapa na kujenga kidogo pale, na kwa mtu mzima sehemu kubwa ya mifupa huwa imejengwa upya katika muda wa miaka 10 hivi. Kwa mtoto ujenzi ni wa kasi zaidi. Na fundi hujenga kwa vifaa alivyoletewa, yaani madini yanayotoka katika chakula na maji.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro ina madini ya floraidi, na maji yanapopita humo huyachukua. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mto Maji ya Chai, ambao kila msafiri wa barabara ya Moshi na Arusha anaufahamu kwa jina, umepimwa ukakutwa na zaidi ya miligramu 10. Hapa nchini, mwaka 1974, kiwango cha muda kwa maji ya vijijini kiliwekwa kuwa miligramu 8. Hakuna aliyedhani 8 ni afya. Ilikuwa ni kukiri kwamba maji mengine hayakuwapo. Baadaye kiwango hicho kilishushwa, lakini kushusha tarakimu kwenye karatasi hakubadilishi maji ya kisimani.

Floraidi kidogo huyaimarisha meno. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yangali ndani ya fizi, yakatoka na madoa. Ndiyo maana mtu anayehamia Arumeru akiwa mtu mzima meno yake hubaki meupe. Lakini asijipongeze, kwa sababu mifupa haina kinga hiyo. Karibu floraidi yote inayobaki mwilini huhifadhiwa humo, mwaka baada ya mwaka. Kwa watoto mifupa ya miguu hupinda, magoti yakagongana au yakaachana. Kwa wazee kano hugeuka ngumu na pingili za uti wa mgongo hushikana, hata mtu akashindwa kuinama kufunga viatu vyake. Nyumbani tulikuwa tukisema babu fulani "kakakamaa kwa uzee". Sasa najiuliza kama kweli ulikuwa uzee.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa sababu hiyo tusiache. Lakini floraidi si kijidudu. Maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani, na yale yaliyobaki yanakuwa nayo zaidi. Akina mama, na magadi pia: yale tunayotia kwenye maharage na kande ili yaive upesi, mengi ya kaskazini yana floraidi nyingi. Najua kuni ni ghali. Lakini maharage yaliyolowekwa usiku kucha nayo huwahi kuiva.

Basi tufanyeje? Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Mwenye bati na pipa safi lenye mfuniko aanze nayo, na kama hayatoshi nyumba nzima, yawe ya watoto kunywa na kupikiwa. Njia nyingine imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, nayo ni mifupa kusaidia mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo, husagwa ikawa chenga nyeusi, kisha hutiwa kwenye ndoo yenye koki. Maji yakipita taratibu, floraidi inanasa kwenye mifupa ya ng'ombe badala ya kuja kwetu. Isipochomwa vizuri maji hunuka, na watu huikimbia. Ikichomwa kupita kiasi, nguvu yake ya kunasa hupungua.

Kwako mama uliyeniandikia. Mpeleke mtoto hospitali, kwani miguu hupinda pia kwa kukosa vitamini D, na hayo siwezi kuyapima kutoka studio. Umeniambia una mwingine wa miezi mitano. Huyo, maziwa yako ndiyo bora, kwa kuwa floraidi hupita humo kidogo sana hata kama wewe unakunywa maji ya mto. Akianza uji, upike kwa maji ya mvua au ya ndoo hiyo. Na ukiipata ndoo, uliza tarehe ya kubadilisha chenga. Zikishajaa floraidi hazinasi tena, na kwa kuyatazama tu maji huwezi kujua. Nilipokwenda kwetu mwezi uliopita niliikuta ndoo ya mama yangu ikiwa safi, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, na chenga ndani yake ni za mwaka juzi.