Weusi wa Vidole Ubaoni



Nimechagua kusema nanyi jioni hii mintarafu ya riwaya ya Kikristo, na hasa juu ya swali moja lililonishughulisha tangu nilipoanza kusomesha fasihi, nalo ni hili: je, mwandishi aaminiye anayo ruhusa ya kusimulia maisha kama yalivyo, pamoja na woga, usaliti na dua zisizojibiwa, au itikadi yake yamlazimu ayasitiri hayo ili dini isije ikaaibika? Jawabu langu ni kwamba ruhusa anayo, na zaidi ya ruhusa ni faradhi juu yake. Kwani riwaya ambayo ndani yake kila mlevi hutubu kabla ya sura ya mwisho, na kila mgonjwa aliyeombewa huinuka kitandani, humwambia msomaji ambaye mgonjwa wake hakuinuka kwamba Mungu hayumo nyumbani mwake.

Shahidi wangu ni Mjapani, Shusaku Endo, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1923, akabatizwa utotoni kwa matakwa ya mamaye, na baadaye akaifananisha dini hiyo na suti ya Kizungu aliyovishwa na mzazi, isiyomkaa mwilini, naye asiweze kuivua. Siku moja, katika nyumba ya makumbusho mjini Nagasaki, aliona sanamu takatifu iliyopachikwa katika kipande cha ubao, mfano wa zile ambazo watawala wa zamani, baada ya kuupiga Ukristo marufuku mwaka 1614, waliwalazimisha watu kuzikanyaga ili wathibitishe kwamba wameikana dini. Ubaoni palikuwa na weusi wa vidole vya miguu. Endo akatoka na maswali yasiyomwacha: ni nani waliokanyaga, na mguu uliposhuka moyo uliona nini?

Maswali hayo ndiyo yaliyozaa riwaya ya *Chinmoku*, yaani Kimya, iliyotoka mwaka 1966. Padre Mreno, Sebastião Rodrigues, aingia Japani kwa siri kumtafuta mwalimu wake, Cristóvão Ferreira, ambaye katika tarikh ya kweli aliritadi mwaka 1633 baada ya kuning'inizwa kichwa chini shimoni. Rodrigues akamatwa, na usiku mmoja, gizani mwa kifungo chake, asikia mkoromo, akaudhika kwa kudhani kuwa ni mlinzi aliyelewa usingizi. Kisha aambiwa ule si mkoromo: ni wakulima wanaougulia mashimoni, ambao wao wenyewe wamekwisha kuikana dini, wala hawatafunguliwa mpaka padre naye akanyage. Sijui ukurasa mwingine katika fasihi ya dini unaomwacha msomaji bila pa kujificha kama huo.

Wako Wakristo walioghadhibika, na ghadhabu yao naielewa, ila naona walikosea. Maana kitabu hakikusifu kuritadi, kilikataa tu kuwasahau walioshindwa. Wafia dini wamejengewa makanisa. Wanyonge hawakuachiwa ila weusi ule wa vidole.

Wala si lazima ukweli uwe wa mateso. Katika *Gilead* ya Marilynne Robinson, iliyochapishwa Marekani mwaka 2004, mchungaji mzee wa Iowa, mgonjwa wa moyo, amwandikia mwanawe mdogo ambaye hatajaaliwa kumlea, na katika barua hiyo ya upole akiri pia chuki aliyo nayo kwa mtoto wa rafikiye. Nasi tunaye Euphrase Kezilahabi, aliyekipa kitabu chake cha mwaka 1971, *Rosa Mistika*, jina la Bikira Maria litokalo katika litania, kisha akasimulia kuangamia kwa binti. Kikapigwa marufuku shuleni.

Lakini kisa kikubwa cha pwani yetu chawangoja. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alilelewa Goa na watawa, akabatizwa Jerónimo, akarejeshwa kutawala. Na mwezi wa Agosti 1631, miaka miwili kabla ya Ferreira, aliingia Ngome ya Yesu, akamwua kapteni Mreno, akarudi katika Uislamu, na Wakristo wa mji wakatakiwa wachague. Nawasihi ninyi vijana mlioketi hapa, Wakristo kwa Waislamu, mkiandike bila kumpendelea yeyote. Na kabla ya kushika kalamu, nendeni kwanza mkasimame ndani ya ngome ile, kwani ingali imesimama.