Sinia Moja, Kitabu Kimoja

(Mada iliyotolewa baada ya futari, Leparua, Isiolo)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nakuomba ndugu msomaji uketi nasi hapa mkekani. Jua limetua, tende zimezunguka, uji umekwisha, na sinia la wali limebaki mifupa. Kwetu Leparua tuko Waborana, Waturkana, Wamaasai na Wasamburu, na jirani asiyefunga akipita saa ya magharibi huvutwa mkono akae. Mama akiwa na vikombe vitatu vya maziwa ya ngamia na wageni wako saba, vitawafikia wote saba. Hesabu hiyo hufanywaje sijui, lakini wallahi huwa inatosha. Na Mtume (S.A.W.) alishatufundisha kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu, na cha watatu huwatosha wanne, kama walivyopokea Bukhari na Muslim.

Sasa nikuulize, ndugu yangu: na kitabu chako je?

Maana hapa mambo yanapinduka. Chakula, pamoja na baraka zake, tonge nililolimeza mimi wewe huwezi kulila tena. Kitabu nikikusomea hakipungui hata herufi. Lakini ajabu ni kwamba kile kinachopungua ndicho tunachokigawa tukicheka, na kisichopungua tunakitia kufuli! Simsemi mtu, najisema mwenyewe.

Nilipokwenda chuo kikuu mara ya kwanza niliacha nyumbani sanduku la mbao limejaa vitabu: vya sekondari, vya madrasa, hadithi za Kiswahili, na kamusi. Tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ile Qurani Takatifu iliyotoka kamili mwaka 1969, haikuenea sandukuni, basi nikaifunga kitambaa nikaiweka juu ya kabati. Nikamwambia mama, "Mtu asiguse." Wadogo zangu walikuwa wakisoma shule ambako kitabu kimoja kinashikwa na watoto wanne, kila mmoja anavuta pembe yake. Hilo nilikuwa nalijua, na bado niliondoka na ufunguo mfukoni.

Ramadhani ile nilifuturu chumbani peke yangu, mkate mkono huu, kitabu mkono ule. Nilishiba nusu nikaelewa nusu. Iko hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba Maswahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa wanakula na hawashibi. Akawauliza, huenda mnakula kila mtu mbali? Akawaambia wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, watabarikiwa.

Na kusoma vilevile. Ibn Abbas anasimulia, katika Bukhari, kwamba kila usiku wa Ramadhani Jibril alikuwa akimjia Mtume (S.A.W.) wakisomeshana Qur'ani, na kwamba nyakati hizo ndipo ukarimu wake ulipozidi kuliko wakati wowote. Hebu itazame vizuri hadithi hiyo. Kusoma pamoja na kutoa viko mahali pamoja, tena aliyekuwa akisoma na mwenziwe ni yeye ambaye wahyi ulimshukia! Mimi na wewe ni nani hata tujifungie?

Kuna atakayesema vitabu havifiki huku kwetu kwenye ukame. Basi mwaka 1996 shirika la maktaba za taifa lilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia kutoka Garissa. Ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine anabeba hema, na wakifika linasimamishwa, mikeka inatandikwa, watoto wanakaa kivulini wanasoma. Mnyama yuleyule anayetupa maziwa! Na atakayesema vitabu viko kwenye simu, sawa, viko, lakini simu ni sahani ya mtu mmoja. Jaribuni watano muone.

Niliporudi likizo nilifungua sanduku langu. Lilikuwa jepesi. Mchwa waliingia kwa chini, wakala kamusi, wakala hadithi, wakala vya madrasa, wakaacha majalada na udongo. Nilikaa chini pale, sikuweza kusema kitu. Nikakumbuka tafsiri, nikatazama juu ya kabati, nikaona mchwa wamejenga njia yao ukutani hadi huko, na kitabu hakipo.

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, nilikiazimisha."

Alikuwa amempa nyanya mmoja jirani, Mborana, ambaye hajui kusoma. Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa akimsomea kila jioni. Nilikwenda kukichukua, nikiwa na hasira kidogo, nakiri. Nyanya akanikaribisha buna, zile punje za kahawa wanazozikaanga kwa samli, akamwita mtoto asome. Mtoto akaanza pale walipoishia jana. Nyanya akamsahihisha neno! Asiyejua alifu anamsahihisha anayesoma, maana sura ile alishaisikia mara nyingi. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vya samli, na mimi niliyekuwa nikikiosha mikono kabla ya kukigusa, siku ile sikusema neno.

Kitabu sikukichukua. Tangu siku hiyo, baada ya futari na kabla ya Isha, mtu mmoja anasoma na wengine tunamaliza chai, kama mlivyotukuta leo.

Kesho futari iko kwa nyanya huyo. Ukija, usije na tende peke yake. Njoo na kitabu, hata kama jalada limetoka.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.