Abiria Si Mzigo

(Hotuba ya wakili mbele ya wapenzi wa mageuzi)



Nimeombwa nizungumze juu ya haki, nami nimechagua kuzungumza juu ya garimoshi. Mtanivumilia. Naamini kwamba serikali hujulikana pale inapomhudumia raia, wala si pale inapomhutubia.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi nilipopanda kwa mara ya kwanza garimoshi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Liliondoka saa moja jioni. Abiria wa daraja la kwanza walilala wawili chumbani, wa daraja la pili wanne. Walitandikiwa shuka, na kengele ikapita ikiwaita mezani katika behewa la chakula. Sisi tulikuwa daraja la tatu, tumeketi bega kwa bega na wenye vikapu na watoto wachanga. Mama alinipa chapati aliyoifunga kwa kitambaa, wala sikuwaonea wivu wenye kengele yao. Nilikuwa na dirisha, na alfajiri nikaiona nyika ya Tsavo ikipambazukiwa. Hata mnyonge wa daraja la tatu alijua kwamba atafika, na takriban saa ngapi atafika. Hiyo ndiyo starehe ya kwanza ya msafiri. Shuka na vijiko huja baadaye.

Starehe hiyo ilipotea vipi? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 2,500 walioletwa kutoka Bara Hindi walikufa katika kazi hiyo. Ilikuwa reli ya mkoloni, lakini jasho na damu havikuwa vyake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ya pamoja iligawanywa, na mwaka 1978 Kenya ikaunda shirika lake la reli.

Tangu hapo ugonjwa uliingia polepole. Reli huishi kwa mizigo. Malori yalipoinyang'anya mizigo, mapato yalipungua. Mapato yalipopungua, matengenezo yaliahirishwa. Njia isiyotengenezwa hulazimisha garimoshi kwenda polepole, na garimoshi linalochelewa hukimbiwa na abiria. Abiria wakikimbia, mapato hupungua tena. Safari za kila usiku zikawa mara tatu kwa wiki, kisha mara mbili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa na ufa, tukakalia kuupaka chokaa.

Nawakumbusha usiku mmoja. Tarehe 29 Disemba 1992 tulifanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu kifungu cha 2A kuondolewa katika Katiba. Mwezi mmoja baadaye, mwishoni mwa Januari 1993, garimoshi la abiria lililokuwa likielekea Mombasa lilitumbukia katika mto Ngai Ndethya, ambao mafuriko yalikuwa yamelizoa daraja lake. Watu zaidi ya 100 walikufa. Jina la mto huo kwa Kikamba maana yake ni Mungu nisaidie. Machi 1999, garimoshi la njia hiyo hiyo liliacha reli huko Tsavo, na watu 32 wakafa.

Sisemi kwamba mvua huletwa na serikali. Nasema kwamba kulinda njia wakati wa mafuriko ni kazi ya mtu. Mtu huyo ana mkubwa wake, mkubwa ana waziri, na waziri analipwa kwa kodi yetu. Tulipigania haki ya kumchagua kiongozi, tukaipata. Hatukupigania kwa bidii hiyo hiyo haki ya kumuuliza siku ya pili baada ya kura. Ndiyo maana vyama viliongezeka na mabehewa yakazidi kuchakaa.

Mwaka 2006 reli ilikabidhiwa wawekezaji binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo haukutimiza hata nusu ya umri wake. Ulivunjwa mwaka 2017. Mwaka huo huo reli mpya ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi, kwa mkopo wa China, na garimoshi la kale la usiku likafikia mwisho wake. Haki lazima isemwe: garimoshi jipya ni safi, nalo huifanya kwa takriban saa tano safari iliyokuwa ya usiku kucha. Mimi mwenyewe hulipanda, wala sioni haya.

Lakini mikataba ya mkopo iliyotiwa saini mwaka 2014 haikuwekwa mbele ya umma hadi Novemba 2022, tena baadhi tu ya nyaraka. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba sheria ya ununuzi ilikiukwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Kama wakili naiheshimu hukumu ya mwisho. Lakini hukumu humaliza kesi, haimalizi swali. Mdaiwa anayelipa miaka minane bila kuonyeshwa karatasi ya deni si mshirika, ni mateka.

Na tusidhani kwamba njia ya kale ilikuwa maiti. Disemba 2021, baada ya ukarabati, abiria walipanda tena garimoshi la Kisumu juu ya reli ile ile ya geji nyembamba. Iliyoitwa marehemu ilikuwa mgonjwa aliyekosa mganga.

Basi tufanye nini? Katiba ya mwaka 2010 imetupa silaha mbili. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, na kinasema wazi kwamba hata taasisi za umma zinabanwa nacho. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Tuzitumie. Tuombe kwa maandishi hesabu za kila njia ya reli. Tudai ratiba inayoheshimiwa, fidia kwa anayecheleweshwa, na choo chenye maji katika daraja la chini kabla ya zulia katika daraja la juu. Mgombea akija kwetu na ahadi ya reli, tumwulize atakayeitengeneza katika mwaka wa kumi, si atakayekata utepe katika mwaka wa kwanza.

Ndugu zangu, mzigo hauulizi unapelekwa wapi, wala utafika lini. Abiria huuliza. Nawasihi tusikubali kamwe kusafirishwa kama mizigo katika nchi yetu wenyewe.